Diski ya Bi Muhsina

Bi Muhsina alijifanya haelewi. Alikaa wima kitini, mikono mapajani, akiitazama kompyuta yake iliyofunuliwa mezani, huku fundi aliyeiinamia akimwaga siri za watu kwa Kiswahili kwenye simu.

"Tony, sikiza," fundi alikuwa akisema. "Hii diski ya zamani ikitoka kwa hii nyumba, imeenda. Boss huwa anaifungua kule dukani. Anaangalia kila kitu kilicho ndani."

Boss mwenyewe, Khattab, alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka hapo, anatabasamu. Kiswahili hakujua hata neno moja. Tangu waingie, mazungumzo yake na Bi Muhsina yalikuwa ya Kiarabu kitupu.

Bi Muhsina alikuwa mpiga video wa harusi za wanawake. Mabibi harusi bila mitandio, mama zao wakicheza, mabinti wakijimwaga ukumbini, yote ambayo mwanamume hatakiwi kuyaona yalikuwa ndani ya diski ile. Miaka tisa ya harusi. Familia za Maskati, kutoka mtaa wa Ghubra mpaka Madinat Sultan Qaboos, zilimwamini kwa sababu alifanya kazi nyumbani, peke yake, na mtandaoni hakupandisha hata picha moja.

Tatizo ni kwamba mashine ilikuwa imechoka. Ukikata dakika moja ya video, unaweza kwenda kupika kahawa, ukainywa, ukarudi ukaikuta bado inafikiri. Video ya harusi ya Ghadeer, mteja wake, ilitakiwa Alkhamisi. Ndipo akapiga simu kwenye duka moja la Wadi Kabir.

Khattab alikuja na fundi wake, Jared, Mkenya wa makamo mwenye mvi za mapema. Ubavuni mwa mashine kulikuwa na karatasi ambayo Bi Muhsina aliwaandikia watu wa nyumbani kwa Kiswahili: "Usizime, kazi inaendelea." Jared aliitazama kidogo, akaibandua taratibu, akaiweka kando, ndipo akafungua mfuniko.

Khattab akaeleza. Wataweka diski mbili mpya zinazofanya kazi kama moja, kila moja ikibeba nusu ya mzigo. Hakuna mpango wa kasi kuliko huo Maskati nzima. Ila ile ya zamani lazima waichukue siku mbili dukani, wainakili huko. Bi Muhsina alikuwa ameshafungua mdomo kukubali. Hapo Jared akaweka simu sikioni.

Sasa amebanwa. Akimshutumu Khattab, Khattab atajua maneno yametoka kwa nani. Na Khattab ndiye kafili wa Jared, kibali cha kuishi nchini kiko mkononi mwake, akitaka anakifuta na mtu anapandishwa ndege kabla ya wiki kwisha. Akinyamaza, mabinti wa watu wanatoka mlangoni ndani ya mkoba wa Khattab. Mlango wa mbele aliuacha wazi, kama ifaavyo mwanamke akiwa na wanaume wageni. Alimkasirikia Jared kwa kuropoka, na papo hapo akamwonea huruma.

"Ingekuwa yangu," Jared aliendelea, "ningeweka moja tu mpya, ile ndogo ya haraka. Kazi ya sasa inakaa hapo. Ya zamani inabaki ndani, haitoki. Speed inapungua kidogo tu. Umeshika, Tony? Moja mpya. Ya zamani inabaki."

Huyo Tony lazima alikuwa mzito wa kuelewa, aliwaza Bi Muhsina, maana kila jambo lilirudiwa mara mbili, tena polepole, kama anafundishwa mtoto.

"Maliza simu yako," Khattab akamkaripia. Jared akaitia mfukoni bila hata kuaga.

"Basi, tuichukue?" Khattab akamgeukia Bi Muhsina, mkono ameshaunyoosha.

Bi Muhsina akajivika ukaidi wa kizee. "Mbili sizitaki," alisema kwa Kiarabu. "Niwekee moja mpya. Ya zamani ibaki mahala pake."

"Haitakuwa na kasi ile ile."

"Na mimi sina haraka."

"Niachie basi siku moja tu, niikague isije ikafa."

"Ikifa, itafia hapa nyumbani."

Tabasamu la Khattab likapotea. Alimkazia macho, na Bi Muhsina yake hakuyaondoa. Mwishowe Khattab akampa Jared ishara ya kichwa. Baada ya dakika arubaini kazi ilikwisha, na video ya Ghadeer ikafunguka papo kwa papo. Bi Muhsina hakuweza hata kuifurahia.

Khattab akatangulia nje kuwasha kiyoyozi cha gari. Jared alibaki kukusanya bisibisi zake. Bi Muhsina akamfuata mpaka kizingitini, akasema kwa Kiswahili, sauti chini:

"Mwanangu, nnakwambia kwa kukupenda. Hapa Maskati usiropoke kwenye nyumba za watu. Wengi wetu twakijua Kiswahili. Leo umepata mimi. Kesho utampata atakayekwenda kukusemea kwa tajiri wako, na wewe una watoto wa kulisha."

Alitegemea mtu huyu atapauka, labda adondoshe mkoba. Jared akatupia jicho gari kwanza.

"Najua, mama," akasema. "Tony alirudi Kenya mwaka jana. Muda huo wote nilikuwa naongea na wewe."