Chini

"Chini!" polisi aliamuru, na wakimbiaji wakapiga goti kwenye mstari.

Bulaimu, bingwa wa kuruka viunzi kutoka Kabambare, akalala kifudifudi.

Uwanja mzima wa Kasongo, uliojaa watu wa sikukuu, ukaangua kicheko, Wazungu wakiwa wa kwanza. Hawakujua kwamba jana polisi huyohuyo alimwambia neno hilohilo, kabla ya kumchapa fimbo kwa sababu pamba yake ya lazima ilipungua kwenye mizani. Mwili ulitii kabla yeye hajafikiri.

"Simama, shampio!" polisi akasema, naye akicheka. "Leo hakuna fimbo. Leo iko fete ya Wazungu."

Bulaimu akapiga goti kama wenzake. Kaptula nyeupe ikabanduka kwenye vidonda, na damu ikateremka taratibu nyuma ya paja hadi kisiginoni.

Filimbi ikalia. Akauzunguka uwanja akiruka kiunzi baada ya kiunzi, kaptula ikizidi kuwa nyekundu kila alipotua. Wenzake walibaki mbali nyuma. Watu waliomcheka sasa walikuwa wanaliita jina lake.

Nyuma ya kiunzi cha mwisho, pale mstarini, polisi alisimama akipiga makofi.

Bulaimu hakuruka. Aliung'oa mti wa kiunzi kwa mikono miwili, akamsogelea.

"Chini," akasema.