Siku Spika Zilipozimwa

Saada, muuguzi wa zamu ya usiku, alikuwa hajapata usingizi wa mchana tangu bendi ianze kupiga kwenye mkahawa ulio chini ya nyumba yake. Akapeleka malalamiko, na alasiri moja afisa wa mji akaja kuzima spika.

"Umetukatia riziki, dada," mpiga gitaa alimwambia kwa upole Saada, aliyekuwa ameshuka mkahawani.

"Na mimi nitaua mgonjwa kwa kusinzia, kaka."

Mwimbaji wao, Bi Hidaya, hakubishana. Aliweka kipaza sauti mezani, akafumba macho, akaimba kwa sauti ya chini, kama anayembembeleza mwanawe. Waliokaa mbali hawakumsikia vizuri, wakaacha mazungumzo. Dereva wa teksi akazima injini. Wauza mitumba waliokuwa wakinadi nao wakanyamaza, mpaka kimya kikafika mwisho wa barabara. Saada alikuwa hajawahi kuusikia mji ukinyamaza.

Afisa alivua kofia. "Sasa waweza kwenda kulala, dada," alimnong'oneza.

Saada alikaa kwenye ngazi za nyumba yake, akasikiliza. Juu yao madirisha yakaanza kufunguka, moja baada ya jingine.