Sauti ya Bi Stumai

Tangu wanajeshi waanze kuwagomea makamanda, kila amri ilimfikia askari ndani ya kofia yake kwa sauti ya mama yake mzazi. Bi Stumai naye alirekodiwa siku tatu mfululizo ili mashine ijifunze kuiga sauti yake, akarudi nyumbani koo limekauka.

Mwanawe Kondo alipokuja likizo ya siku moja, alimwita aje kula. Kijana akakakamaa wima, mikono ubavuni.

"Kaa, baba. Ni wali tu."

Akakaa, lakini hakula. "Kesho watu wanaandamana kwa ajili ya dawa za hospitali walizouza mawaziri. Nimepangwa mstari wa mbele. Ukiniambia nipige, mama, nitapiga. Mkono unatii kabla sijafikiri."

"Mimi siwezi kukwambia hivyo."

"Mwezi uliopita ulisema mara mbili."

Bi Stumai akaufunika wali.

Asubuhi alijikokota na miguu yake mibovu mpaka mbele ya bunduki ya mwanawe. Akashusha mtandio ili Kondo auone mdomo wake, akaufumba kabisa. Kijana alimkodolea macho, jasho likimtiririka. Bi Stumai alijua kuwa wakati uleule, ndani ya kofia ile, alikuwa akimbembeleza kwa upole: "Piga, mwanangu."