Sahihi Nzuri Mno

"Ombi la mwanao limepita," afisa wa mipango miji alisema, akifungua faili. "Ruksa anayo, ajenge nyumba yake kwenye bustani yako ya mbele. Umeridhia mwenyewe, mama. Sahihi yako hii hapa."

Mama Cherehani aliivuta karatasi kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulilala mapajani, mzito kama gogo tangu apate kiharusi mwaka jana. Sahihi ilikuwa nzuri, herufi zimesimama wima, mkia umekunjwa kama ndoano. Ndivyo alivyosaini zamani kwenye ripoti za shule za mwanawe.

Mwanawe alikaa kando yake, amevaa shati alilomshonea yeye. Mara tatu mama alimwambia hataki ukuta mbele ya dirisha lake, na mara tatu aliitikiwa, "Sawa, mama."

"Hii si yangu," alisema.

Mwanawe akamwinamia sikioni. "Mama, tutayamaliza nyumbani. Usinivue nguo mbele za watu."

Damu ikampanda Mama Cherehani kichwani. Nyumbani kupi, huko anakotaka kumzibia mwanga?

Afisa aliweka kalamu mezani. "Fikiri vizuri, mama. Kama si yako, basi kuna mtu ameghushi. Hilo si la ofisi hii tena, ni la polisi."

Mama Cherehani aliichukua ile kalamu kwa mkono wa kushoto.

"Nionyeshe pa kuandika," alisema. "Nitakwenda polepole, lakini jina lake nalijua vizuri. Nilimpa mimi."