Kikundi Kisichochangishana

Kopo lilikuwa na kifuniko chekundu na jina la watu asiowajua, lakini harufu ya ndani ilikuwa ya jikoni kwake. Mama Linet alilinunua Kitale, kwenye duka la dawa za mashamba, akalifungua palepale kaunta, akanusa. Huu ulikuwa unga wa mwanawe. Unga wa kuzuia fukusi wanaotoboa mahindi, ambao Linet aliuhangaikia misimu mingi akiukoroga kwenye sufuria za mamake kule Kiminini, mpaka ugali wa nyumba nzima ukanuka moshi.

Sasa alikuwa Bungoma, katika ukumbi wa hoteli, kopo kwenye mkoba, mkoba mapajani.

"Mama, tafadhali usiongee," Linet alimnong'oneza. "Wacha Bwana Khaemba aongee."

Huyo Khaemba ndiye aliyemtoa Mama Linet nyumbani. Linet alifanya kazi chuoni, katika ofisi ya kutoa utafiti kwenye makabati na kuupeleka sokoni. Watu wa kazi hiyo kutoka vyuo mbalimbali walikuwa na kikundi chao, na Khaemba ndiye katibu. Walikuwa wakikutana Bungoma na kufundishana namna ya kupata kampuni ya kutengeneza vitu vyao, na namna ya kuvilinda visiibwe. Mama Linet hakukipenda kikundi hicho tangu siku aliyokisikia.

"Hamchangishani?" aliuliza siku hiyo.

"Hapana, Mama."

"Hamna merigoraundi, ya kupeana pesa kwa zamu? Mtu akifiwa?"

"Mama, ni watu wa kazi moja tu. Tunasaidiana mawazo."

"Ati mawazo. Chama kisichochanga kinakula nini? Kinakula wewe."

Basi akawa mama wa kuonya. Simu asubuhi, simu jioni. Usiache mkoba wazi. Usinywe chai uliyomiminiwa na mtu. Usiwaambie siri ya unga. Linet alicheka, akamweleza kwamba kule hakuna anayesema kitu chake kimetengenezwaje. Unasema kinafanya nini, basi, na hata hivyo kila mwanachama ametia sahihi ya kufunga mdomo. Ilibaki tu serikali itoe hati ya kusema unga huu ni wa Linet, na hapo angeweza kuutangaza barabarani akitaka.

Lakini moyo wa mzazi hauna likizo. Yale ambayo mtoto hakuyasikia, mama aliyapeleka kwa Mungu. Kila Jumapili alisimama kanisani akafumba macho, akamwombea Linet kwa sauti na machozi mpaka kitambaa kikamlegea kichwani. Hata dadake aliyeko Doha, anayeifuata ibada kwenye simu, alimpigia kumtania: "Wewe, hicho kitambaa cha kijani kinakuzeesha. Si ukifunge vizuri, bana."

Mama Linet hakuwa na nafasi ya vitambaa. Alikuwa akimhesabia Khaemba siku zake, na kopo lilipotokea Kitale, akajua zimefika.

Khaemba alisimama mbele ya ukumbi, mrefu, miwani mkononi.

"Karibu, mayi," alisema, akimwita mama kwa Kibukusu, na heshima hiyo ikazidi kumkera. "Mambo ni hivi. Kama aliyetoa siri ni mmoja wetu, alikuwa ametia sahihi. Tutampeleka kortini, na unga utarudi kwa Linet. Lakini kama ilisemwa hadharani, hata mara moja, hiyo hati haitatoka tena. Kitu kikishasikiwa na kila mtu, hakina mwenyewe."

"Basi ni mmoja wenu."

Alikuwa amesimama bila kujijua. Kopo akaligonga mezani.

"Mimi sikupita darasa la saba, lakini najua kikulacho ki nguoni mwako. Nilimwonya huyu mtoto. Nikamwambia mdomo wa mtu ni mlango hauna komeo. Wewe Khaemba, mbona huniangalii?"

Kweli, Khaemba alikuwa akiangalia simu yake.

"Keti, Mama," Linet alisema.

"Siketi. Aseme."

"Tuliwapigia wenye hilo kopo," Khaemba alisema polepole. "Hawakukana. Wanasema hawajaiba kwa mtu, walisikia hadharani kama watu wengine. Nikawaambia walete ushahidi. Umeingia sasa hivi, hata mimi sijausikiliza."

"Weka," alisema Mama Linet. "Weka kwa hiyo spika, kila mtu amsikie mwizi. Na awe ni nani, Linet, usimhurumie."

Khaemba akaunganisha simu na spika ya ukumbi. Kwanza zikaja kelele kama mvua juu ya mabati, halafu kinanda kwa mbali. Kisha sauti ya mwanamke, imekwaruzika kwa kulia:

"...Wewe huombwi kwa mafumbo, Baba, nakutajia kitu kwa jina. Bariki yale majani machungu ya maua ya njano, yakauke kivulini, yasiguswe na jua. Bariki majivu ya magunzi, vikombe viwili kwa kimoja. Na ufunge mdomo wa kila adui anayetaka kutoa siri hii..."

Mama Linet alikuwa bado amesimama, kiganja juu ya kifuniko chekundu. Maombi yalipofika mwisho, midomo yake ilisema "Amina" kabla hajaizuia. Na kwenye spika, wakati uleule, sauti ileile ikasema "Amina."