Kilimi

Daktari alimulika tochi kinywani mwa mtoto, binti aliyepakatwa na mama yake, Rael.

"Mama, kilimi hakipo. Kile kinyama kinachoning'inia kooni. Naona kidonda tu. Nani alimkata?"

"Amezaliwa hivyo," mama mkwe wa Rael alijibu haraka, mkoba wake umebanwa kifuani. "Kwetu wako wengi."

"Nyanya, hata mimi kwetu ni huko huko. Usinizungushe. Koo limevimba, hewa inapita kwa shida. Lazima nijue alikatwa lini, na kwa kitu gani."

Rael hakumtazama yeyote. Alitazama kishimo kilicho chini ya shingo ya mtoto. Kila alipovuta pumzi, ngozi ya pale ilizama ndani kana kwamba kidole kinaibonyeza, na sauti ikatoka, nyembamba kuliko ya asubuhi walipoondoka Waithaka.

Chini ya leso, mama mkwe alimfinya Rael paja. Mkataji wa vilimi alikuwa amewaonya kwamba wakimtaja hospitalini, kidonda hakitafunga. Na mama mkwe huyu alikuwa amewakatisha wanawe sita ili wasikohoe, mume wa Rael akiwa mmoja wao, na wote wako hai.

Kishimo kikazama tena. Safari hii kilichelewa kurudi.

"Juzi," Rael alisema. "Kwa wembe. Mimi ndiye niliyemshika kichwa."