Mwana Aliyerudi Shamba

"Ahmada!" Mzee Amur aliita kutoka barazani. "Muhogo ushaupanda wote?"

"Bado matuta ya chini, baba," Saud alijibu bila kuinua kichwa.

Ahmada alikuwa kaka yake. Alianguka kutoka juu ya mkarafuu, akafa kabla hawajamfikisha hospitali ya Wete.

Saud alikuja kijijini kwao Wingwi kwa maziko tu. Kazi yake ilikuwa Dar es Salaam, fundi wa lifti kwenye majumba marefu, na mkewe Maisa alikuwa ameshazoea maisha ya huko. Lakini khitma ilipokwisha, baba yake alimshika mkono akamwambia, "Ahmada, mwanangu, twende bondeni tukatazame mpunga."

Daktari alisema ni uzee uliochanganyika na msiba. Wasibishane naye.

Saud alishindwa kumwacha mzee asiyejua kamzika nani. Akaacha kazi, akashika jembe. Maisa alimfuata shamba, akavumilia mpaka masika, akarudi kwao Gombani, na kutoka huko akaomba talaka yake. Saud akampa.

Mwaka wa kwanza maji ya chumvi yaliingia bondeni, mpunga ukafa wote. Viganja vilimchubuka, vikapona, vikachubuka tena. Mwaka wa pili alivuna.

"Mikono yako ina baraka, Ahmada," mzee alimwambia siku hiyo. "Lau ningemtegemea nduguyo wa mjini, tungelala njaa."

Saud alicheka. Kisha akaenda nyuma ya banda la ng'ombe, akakaa huko mpaka macho yalipokauka.

Majirani walistaajabu, kwa sababu mzee hakusahau kingine chochote. Alijua ng'ombe yupi ana mimba na nani hajaja kumsalimia tangu Iddi. Akisalisha msikitini, hakosei aya.

Dada yao, Mwatima, alipokuja kutoka Jadida, alimkuta Saud amekonda, amevaa shati la marehemu alilopewa na baba yao. Alingoja mpaka Saud alipotoka kwenda kukata majani ya ng'ombe. Ndipo akakaa karibu na mzee, aliyekuwa akimenya kunde.

"Baba, Ahmada kafa. Huyu ni Saud. Kaacha kazi, kamkosa mke, yote kwa ajili yako. Mwite jina lake, hata mara moja tu."

Nyuma ya ukuta Saud alikuwa amerudi kuchukua mundu. Alisimama, akangoja.

Mzee Amur alimenya kunde moja, akaitia kwenye ungo.

"Kwani nani kakwambia miye nimesahau?" alisema taratibu. "Namjua tangu siku ya maziko. Mmoja ilikuwa lazima nimzike, Mwatima. Nikamzika Saud."